Hawaoni Bastola, Wanaona Msee

Swali rahisi kwanza. Umekaa kwa mathree, jamaa aliye kando yako ana mguu wa kuku kiunoni, umefunikwa na shati. Utajua?

Wengi wenu mtasema ndio. Mtaniambia shati huwa limetuna upande mmoja, mkono unagusagusa kiuno kila dakika, ama msee amevaa koti zito na jua ni la Januari. Hizo dalili ni za kweli, hata polisi hufundishwa kuziangalia. Lakini nimesoma historia ya hii kitu kwa wiki kadhaa sasa (niliacha chuo, sikuacha kusoma) na picha ninayoipata ni nyingine kabisa. Watu hawaoni bastola. Watu wanamwona yule ambaye walishaamua mapema kwamba ni wa kuangaliwa. Bastola ikipatikana kwake, wanajisifu kwamba wana jicho kali. Ikiwa kwa mwingine, inapita mbele ya pua zao na hakuna anayeshtuka.

Si lazima uniamini. Hebu twende Buffalo.

Tarehe 6 Septemba 1901, mji wa Buffalo, jimbo la New York. Kulikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa na Rais wa Marekani, William McKinley, alikuwa mgeni. Mchana huo alipangiwa kusalimia wananchi kwa mkono ndani ya ukumbi ulioitwa Temple of Music, dakika kumi tu. Katibu wake, George Cortelyou, hakuupenda huo mpango kabisa. Aliuondoa kwenye ratiba, rais akaurudisha. Mwanasiasa na kusalimia watu, unajua vile huwa.

Kawaida ilitakiwa kila anayemkaribia rais aje na mikono wazi, isiyo na kitu. Lakini siku hiyo kulikuwa na joto, watu kwenye foleni walikuwa wameshika hanchifu wanajipangusa jasho, na hiyo sheria ikalegezwa bila mtu kutangaza. Kwenye foleni hiyo alikuwemo kijana wa miaka 28, Leon Czolgosz, mzaliwa wa Michigan, mtoto wa wahamiaji wa Kipolandi, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda. Alikuwa na bastola ya Iver Johnson, kipimo cha .32, aliyoinunua siku chache kabla kwa dola 4 na senti 50. Hakuiweka kiunoni. Hakuiweka kwa soksi wala mfukoni alipofika mbele. Aliishika kwa mkono wa kulia, akaufunga huo mkono na hanchifu nyeupe.

Mkononi, wasee. Ndani ya ukumbi uliojaa polisi, wanajeshi na walinzi wa Secret Service.

Na usidhani hawakuuona huo mkono. Hii ndio sehemu hunimaliza. Mlinzi mmoja, Samuel Ireland, alieleza baadaye kwamba aliuona. Aliuona vizuri. Ila muda mfupi kabla yake alikuwa amepita mtu mwingine mwenye vidole vilivyofungwa bendeji, akasalimia kwa mkono wa kushoto, akaenda zake salama. Kwa hivyo mkono uliofungwa ulishakuwa kitu cha kawaida, mkono wa mtu aliyeumia, pole yake. Halafu Czolgosz mwenyewe alikuwa na sura ya kitoto, mtulivu, kama fundi aliyepata likizo akaja kutembea. Na mbele yake kwenye foleni kulikuwa na mtu mwenye masharubu meusi mazito, aliyeonekana kama Mwitaliano, na huyo aliung'ang'ania mkono wa rais kwa muda. Huyo ndiye aliyemtia Ireland wasiwasi. Ikabidi amsukume asonge. Macho yakiwa kwa masharubu, hanchifu ikafika.

Kwa nini Mwitaliano? Hapa lazima niwe fair kwa mlinzi. Mwaka mmoja kabla, Julai 1900, Mfalme Umberto wa Italia alikuwa ameuawa na Gaetano Bresci, Mwitaliano aliyekuwa akiishi New Jersey. Mwaka wa 1898 Malkia Elisabeth wa Austria aliuawa na Mwitaliano. Mwaka wa 1894 rais wa Ufaransa, Carnot, vilevile. Kwa hivyo picha ya muuaji ilikuwa imeshachorwa kichwani: nywele nyeusi, masharubu, lafudhi ya kigeni. Ilikuwa picha iliyotokana na matukio ya kweli kabisa. Na ndio sababu ilikuwa hatari, kwa sababu ilimfanya mlinzi aliyefunzwa kazi yake amchunguze mtu asiye na kitu, huku mwenye bastola akisubiri zamu yake kwa adabu.

Saa kumi na dakika saba, risasi mbili. Rais alikuwa ameshanyoosha mkono kumsalimia. Alikufa tarehe 14 Septemba.

Nyuma ya Czolgosz kwenye foleni alikuwa James Parker, Mmarekani mweusi, mwili mkubwa, mzaliwa wa Georgia, aliyekuwa akifanya kazi ya uweita pale pale kwenye maonyesho. Risasi zilipolia, Parker alimrukia Czolgosz na kumwangusha pamoja na wengine. Siku za kwanza magazeti yalimwita shujaa. Kesi ilipofika, tarehe 23 na 24 mwezi huo huo, hakuitwa kutoa ushahidi, na walinzi walipoeleza jinsi mambo yalivyokwenda, ni kama yeye hakuwepo.

Fikiria hayo macho. Hayakuona bastola kwenye mkono wa kijana mzungu mtulivu, na hayakumwona mtu mweusi aliyekuwa akipigana na mwenye bastola.

Najua kuna mtu anasema hiyo ni 1901, watu walikuwa hawajaerevuka. Sawa. Turuke hadi 1963, ambapo ndani ya mwezi mmoja Marekani ilitupatia mifano miwili ambayo ukiiweka kando kwa kando huwezi kuisahau.

Wa kwanza ni Cleveland, jimbo la Ohio, tarehe 31 Oktoba 1963. Mpelelezi Martin McFadden, mzungu, miaka 39 kwenye polisi, anatembea katikati ya mji kwa nguo za kiraia. Kazi yake ilikuwa kunasa wezi wa mifukoni na wezi wa madukani. Saa nane na nusu mchana anaona vijana wawili weusi, John Terry na Richard Chilton, wamesimama kwenye kona. Hawajui. Mmoja anatembea, anapita mbele ya duka, anachungulia dirishani, anarudi. Kisha mwenzake anafanya vivyo hivyo. Wanarudiarudia, kama mara kumi na mbili hivi kwa jumla. Anatokea mtu wa tatu, mzungu anayeitwa Katz, wanaongea kidogo, anaenda, halafu wanamfuata. McFadden anawakaribia, anauliza majina, wanajibu kwa kunong'ona. Anamshika Terry, anamgeuza, anampapasa juu ya koti. Bastola. Anampapasa Chilton. Bastola nyingine. Katz hana kitu.

Sasa, McFadden aliona bastola? Hapana. Mwenyewe hakudai hivyo. Aliona mwenendo ambao haukumkalia sawa, na safari hii alikuwa sahihi. Nampa haki yake: kutembea mbele ya dirisha moja mara kumi na mbili si kwenda kununua maziwa.

Mfano wa pili ni Dallas, Texas, tarehe 24 Novemba 1963, wiki tatu na siku kadhaa baadaye. Rais Kennedy ameuawa Ijumaa. Jumapili asubuhi mshukiwa, Lee Harvey Oswald, anahamishwa kutoka makao ya polisi. Anapitishwa chini kwenye maegesho ya magari ya jengo hilo hilo la polisi. Mahali pamejaa wapelelezi na askari, karibu sabini, pamoja na waandishi wa habari na kamera za televisheni zinazorusha moja kwa moja. Kama kuna mahali duniani siku hiyo ambapo bastola iliyofichwa ingetakiwa kuonekana, ni hapo.

Jack Ruby, mwenye klabu ya usiku mjini, alikuwa ametoka kutuma dola 25 kwa mfanyakazi wake katika ofisi ya Western Union iliyo karibu. Risiti ina saa: 11:17. Akatembea hadi jengo la polisi, akateremka kwa njia ya magari wakati askari wa pale alikuwa anashughulikia gari linalotoka, akajichanganya na umati. Saa 11:21 akachomoa Colt Cobra ya .38 na kumpiga Oswald tumboni. Mbele ya taifa zima.

Kwa nini hakuna aliyemshtukia? Alikuwa amevaa suti na kofia kama wapelelezi wenyewe. Na zaidi ya hapo, polisi wengi wa Dallas walimjua. Walikuwa wanaenda klabu yake. Ijumaa usiku alikuwa ameshaingia kwenye jengo hilo hilo, akasimama kati ya waandishi kwenye mkutano wa Oswald na wanahabari, hata akachangia kurekebisha jina la shirika fulani lililotajwa vibaya. Ruby alikuwa ni "huyu wetu". Bastola ya "huyu wetu" haina uzito wala haituni.

Yaani mpelelezi mmoja akiwa mbali, ng'ambo ya barabara, "ananusa" bastola kwa vijana wawili weusi asiowajua. Askari sabini, umbali wa hatua chache, hawaoni kitu kwa mzungu wanayemjua. Mimi nikiambiwa nichague somo moja la historia ya silaha zilizofichwa, nitachagua huo msimu.

Lakini nchi yenyewe ilichagua somo gani? Ya Dallas ilibaki sinema. Ya Cleveland ikawa sheria. Kesi ya Terry ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 10 Juni 1968 majaji wanane dhidi ya mmoja walisema polisi anaweza kumsimamisha mtu na kumpapasa bila kibali na bila ushahidi wa kutosha kumkamata, mradi ana sababu za maana za kushuku kwamba ana silaha. Jaji aliyepinga, William Douglas, alionya kwamba polisi wamepewa uwezo ambao hata jaji hana.

Kwa maneno mengine, jicho la McFadden lilipewa kila askari. Na je, hilo jicho hufanya kazi? Hapa kuna hesabu, na hesabu hii ndiyo iliyonifanya niandike hii post. New York, kuanzia Januari 2004 hadi Juni 2012, polisi waliwasimamisha watu mara milioni 4.4. Takwimu hizi zilichambuliwa mahakamani, na Jaji Shira Scheindlin akaziweka kwenye uamuzi wake wa 2013. Zaidi ya nusu ya hao waliosimamishwa walipapaswa kutafutwa silaha, kama watu milioni 2.3. Silaha ilipatikana kwa asilimia 1.5.

Rudia polepole. Katika kila watu 200 waliopapaswa kwa sababu askari alihisi wana silaha, 197 hawakuwa nayo.

Waliosimamishwa, asilimia 83 walikuwa weusi au Walatino, katika mji ambao hao ni kama nusu tu ya watu. Na silaha zilipatikana kwa asilimia 1.0 ya weusi waliosimamishwa, asilimia 1.1 ya Walatino, na asilimia 1.4 ya wazungu. Mzungu alisimamishwa mara chache, lakini alipoguswa alikuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kuwa nacho. Inaeleweka ukifikiri: ili mzungu asimamishwe, ilibidi kuwe na sababu. Mweusi alitosha yeye mwenyewe. McFadden alisimama akatazama safari kumi na mbili. Hawa wengi hawakungoja hata ya pili.

Kuna pia upande wa wanaoruhusiwa kuficha. Watu husahau kwamba zamani kuficha silaha ndiko kulikoonekana aibu: Kentucky na Louisiana zilipitisha sheria dhidi yake mwaka 1813, kwa mantiki kwamba mwanaume wa heshima hubeba silaha peupe na anayeificha ana nia mbaya. Baadaye ikaja mambo ya vibali, na kibali kinatolewa na mtu, na mtu ana macho yake. Martin Luther King Jr. alirushiwa bomu nyumbani kwake Montgomery Januari 1956. Aliomba kibali cha kubeba bastola iliyofichwa. Alinyimwa. Miaka sitini baadaye, Julai 2016 huko Minnesota, Philando Castile alikuwa na kibali. Polisi alipomsimamisha barabarani, alimwambia kwa adabu kwamba ana bastola. Hakusubiri ionekane, aliitaja mwenyewe. Alipigwa risasi akiwa amefunga mkanda wa gari, na yule polisi akaachiliwa na mahakama mwaka uliofuata.

Sasa, sisi. Maana najua kuna wale wanasema hiyo ni shida ya rangi, huku wote ni weusi.

Aprili 1954, Waingereza walifanya Operation Anvil hapa Nairobi. Walizingira mji wakitafuta Mau Mau. Wakati huo wa hali ya hatari kupatikana na bunduki kulikuwa ni kifo. Dedan Kimathi mwenyewe alinyongwa Februari 1957 kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi. Lakini kwenye Anvil askari hawakuanza kwa kutafuta bunduki. Walianza kwa kutenga watu: Mkikuyu, Mmeru, Mwembu, huku, wengine, kule. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kwenye kambi. Na kwa miaka yote hiyo wanawake walikuwa wakipitisha risasi wakielekea msituni ndani ya mizigo ya chakula, kwa sababu kwa macho ya mkoloni mama mwenye kiondo alikuwa ni mama mwenye kiondo.

Miaka kumi na tano baadaye, tukiwa tayari na bendera yetu, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba hivi mchana. Tom Mboya, waziri, miaka 38, anatoka kwenye duka la dawa la Chhani, Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Sanamu yake imesimama karibu hapo, wengi wenu mmepiga picha nayo. Mjini kuna watu. Mashahidi walikumbuka mtu mwembamba, suti, mkoba mkononi. Nani Nairobi ya 1969 angemshuku mtu wa suti na mkoba katikati ya mji, kando ya maduka? Suti ilikuwa ndio hanchifu. Risasi mbili, na Nahashon Njenga Njoroge akahukumiwa kunyongwa kabla mwaka haujaisha.

Na leo je? Mimi nina rasta, nina bag, na ndani ya bag kuna tripodi. Kuna mall moja Nairobi ambayo sijawahi kuingia bila kusachiwa kama naenda kupanda ndege. Mashine ya mkononi inapita mgongoni, mbele, mguuni, bag inafunguliwa, tripodi inatolewa nje, naulizwa hii ni nini. Sawa, baada ya Westgate hakuna mtu ana haki ya kulalamika kuhusu sachi yenyewe. Lakini nikiwa hapo mikono juu, gari kubwa la vioo vyeusi linaingia. Soja anazungusha kioo chini ya gari, anafungua buti, anafunga, anapiga saluti. Mzee aliye ndani hajashuka. Ni kama Kenya bunduki hukaa kwa buti pekee.

Na mnajua vizuri nani huwa na bastola nchi hii kihalali. Si wasee wa tripodi. Ni yule mzee wa nyama choma ambaye akiinuka kwenda kunawa mikono shati linapanda, na meza nzima inaona kitu cheusi kiunoni, na meza nzima inaendelea kuongea kuhusu mpira. Hapo Wakenya tunaona, ila tunajifanya hatujaona. Tunamwita mheshimiwa na weita analeta kachumbari.

Geuza upande. Kijana wa mtaa akipigwa risasi usiku, asubuhi kunakuja taarifa kwamba alikuwa amejihami na bastola imepatikana. Mama yake anasema hajawahi kuiona. Majirani wanasema hawajawahi kuiona. Marafiki aliolala nao chumba kimoja hawajawahi kuiona. Tuseme wakati mwingine ni kweli alikuwa nayo, maana wezi wapo na sisi ndio huibiwa simu. Lakini ona vile tumegawana imani. Ya mzee wa nyama choma tumeiona kwa macho yetu na hatuisemi. Ya kijana hakuna aliyeiona, na nusu ya nchi imeshaandika "afadhali" kwenye comments kabla hajazikwa.

Wiki ijayo nitaandika kuhusu Pinto na ile asubuhi ya Februari 1965, kwa sababu wengi mmeniomba. Kwa sasa niambieni kitu kimoja hapo chini. Mara ya mwisho kusachiwa getini, ulikuwa umevaa nini? Na aliyekuwa mbele yako, yeye alisachiwa?